Mgeni Asiyetaka Kunawa

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji mlimani. Chini ya kijiji, bwawa. Bwawa jeusi, halina hata chura.

Kijijini alikuwepo Bibi Nakijwa. Huyu bibi alijifunza kusoma mvi zimeshajaa kichwani. Alisoma Injili kwa kidole: neno, neno, neno. Akifika pagumu, anamfuata katekista Eliakimu. Anauliza. Kesho anauliza tena. Mpaka katekista akachoka, akampa jina la yule mtume aliyekataa kuamini mpaka aone: Tomaso.

"Tomaso huyo anakuja, kimbieni!" watu wakacheka. Bibi naye akacheka, akauliza.

Basi Jumapili moja ya kiangazi, ukungu ukashuka mchana. Kiangazi, ukungu! Majogoo kimya. Mbwa kimya. Watu wako kanisani, wakasikia nje: chwapu... chwapu... chwapu... Mtu anatembea kwenye tope. Na nje ni vumbi tupu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Akaingia mtu, kanzu nyeupe, viganja kavificha ndani ya mikono ya kanzu. Uso wake mzuri. Mzuri mpaka unaogopesha.

"Mimi ndiye mnayemngoja," akasema. "Nifuateni bwawani. Msiulize."

Katekista, pu! kifudifudi. Watu wote, pu! chini.

Yule mtu akamgeukia Nambua, mjukuu wa Bibi Nakijwa. Nambua alikuwa amefiwa na mama yake mwezi uleule.

"Nambua, mama yako yuko majini. Anakuita."

Nambua akasimama. Machozi yanamtoka, naye anatabasamu. Mgeni mbele, Nambua nyuma. Chwapu... chwapu...

Wakamkuta Bibi Nakijwa mlangoni. Wenzake walipoanguka, yeye alitoka kuchota maji; ameshika beseni na kata.

"Karibu, mgeni. Kwetu mgeni haondoki bila kula, na hali bila kunawa. Lete mikono."

"Sina njaa."

"Basi nawa tu, baba. Lete mikono."

"Anayeuliza hatauona uso wangu."

"Sijauliza uso. Nimesema mikono."

Katekista akanong'ona palepale sakafuni: "We Tomaso! Utatuangamiza!"

"Huyo Tomaso nimemsoma mwenyewe, kwa kidole changu," bibi akasema. "Hakufukuzwa. Alionyeshwa mikono yenye makovu. Huyu akiwa ndiye, atanisamehe. Akiwa siye, mjukuu wangu atapona."

Ukungu ukaingia ndani. Mishumaa ikazimika, fu! fu! fu!

"Bibi, nipishe," Nambua akalia. "Mama ananingoja."

"Najua, mjukuu wangu. Hata mimi namtaka mwanangu. Lakini mwambie anawe."

Nambua akasita. Akamtazama mgeni. Akasema kwa sauti ndogo: "Bwana... nionyeshe mikono."

Mgeni akaitoa.

Hakuna kovu. Hakuna hata mstari wa kiganja. Nyeupe, laini, kama tumbo la samaki. Na vidole vimeshikana kwa ngozi.

Mgeni mbio, chwapu-chwapu-chwapu-chwapu! Mpaka bwawani. Chubwi! Kimya.

Halafu jogoo akawika, mchana kweupe.

Tope lilibaki sakafuni. Wakalifagia, likarudi. Wakalifagia tena, likarudi. Wanasema hata leo ukikanyaga pale, unyayo unalowa.

Nambua akamshika bibi yake: "Bibi, ulijuaje kama si yeye?"

"Sikujua. Ningejua, ningeuliza nini?"

Na katekista Eliakimu? Tangu siku ile, kila akimaliza mahubiri, anafuta jasho na kusema: "Nani ana swali? Bibi Tomaso, anza wewe."

Basi, wenzangu, Bwana wa kweli haogopi kutazamwa mikono. Anayekukataza kuuliza, usimfuate, hata akikuita kwa sauti ya mama yako.

Hadithi yangu naiweka hapo, mlangoni. Anayetaka kuichukua, anawe kwanza.