Mapepe Apanga Safari ya Ukoo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Mmekula hamkushiba? Nyie wakubwa huko nyuma nanyi muitikie, hadithi hii inawahusu kuliko hao watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na jiji lao kuu, Ngurumo, alikokaa Mfalme Simba. Mbali na jiji hilo, mwendo wa siku nzima kwa mwenye mbio, siku mbili kwa mwenye magoti mabovu, waliishi ngiri. Palikuwa na Mapepe. Palikuwa na mkewe, Siwema. Palikuwa na watoto wao watatu, na mdogo wao akiitwa Kidawa, mdomo haufungwi. Na palikuwa na mama yake Mapepe, Bibi Mashavu.

Siku moja, Jumanne, akaja Mbayuwayu. Puruu! Akatua juu ya kichuguu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu."

"Bibi Mashavu, dada yako Bibi Mkunde wa Ngurumo anakusalimu. Kapata kitukuu wa kike. Ijumaa ni arobaini yake, na mtoto anapewa jina lako. Njooni wote, mkubwa kwa mdogo. Na mila yenu ya jina mnaijua, kwamba mwenye..."

"Tunaijua, tunaijua!" Mapepe akadakia. "Waambie tunakuja."

Mbayuwayu akaenda zake. Bibi Mashavu akalia kwa furaha. Yeye na dada yake hawakuwa wameonana tangu walipoolewa, kila mmoja kwake.

Jioni Mapepe akaita kikao. Akachora njia chini kwa pembe yake.

"Tunaondoka alfajiri. Hapa hatusimami. Hapa hatunywi. Hapa hatukojoi. Jua likizama tuko Ngurumo. Kesho yake tunaona ikulu, tunaona ngoma ya Mfalme, tunaona maporomoko."

"Na Bibi?" akauliza Kidawa.

"Bibi atalinda shimo."

"Mapepe," akasema Siwema, "mtoto ni wa jina lake."

"Salamu zake tutazifikisha. Mama, miguu yako unaijua mwenyewe. Utatuchelewesha."

"Lakini mwanangu, lile jina..."

"Mama! Jiji nalijua mimi."

Bibi aliumia, jamani. Mtoto umzae mwenyewe, umnyonyeshe mwenyewe, aje akuambie ulinde shimo! Akaingia ndani akalia peke yake. Alipomaliza kulia akakumbuka jambo, akacheka mpaka mashavu yakatikisika.

Alfajiri akawaaga. "Nendeni salama. Na wewe mwanangu, ukinihitaji, nipo."

"Nikuhitaji kwa lipi?" akasema Mapepe, akainua mkia.

Tifu, tifu, tifu! Mikia juu, vumbi nyuma.

"Baba, kiu!"

"Jijini!"

"Baba, njaa!"

"Jijini!"

"Baba, mkojo!"

"Jijini!"

"Baba, umeshatoka."

Wakafika Ngurumo jioni, watoto hoi, ndimi nje, wakaenda moja kwa moja kwa Bibi Mkunde. Sasa, ngiri mzima haingii shimoni kwa kichwa. Anageuka, anaingia kinyumenyume, makalio kwanza, ili adui akitokea amkute pembe ziko mlangoni. Kwa hiyo mwenyeji huona mkia kabla ya uso.

Bibi Mkunde amekaa ndani, macho mlangoni. Ukaingia mkia. "Huu si wake." Ukaingia wa pili. "Na huu si wake." Vikaingia vikia vitatu. Kisha basi.

"Mkia wa mdogo wangu uko wapi?"

Mapepe akajikuna. "Anakusalimu sana, Mama Mkubwa. Amebaki analinda shimo."

"Kwani hilo shimo linakimbia?"

Mapepe akajikuna tena.

"Wewe Mapepe! Mila hii huijui? Mwenye jina ndiye anayemnong'oneza mtoto sikioni, mara tatu, kabla jua la arobaini halijazama. Asipokuwepo, mtoto hana jina. Na mtoto asipopata jina, vyungu havifunuliwi!"

Watoto wakatazama vyungu. Magimbi yananukia, jamani, yananukia! Kidawa akamgeukia baba yake. "Baba, si ulisema jiji unalijua?"

Siwema alimtazama mumewe tu. Kuna kutazama na kutazama. Wanaume mliooa mnanielewa.

Alhamisi alfajiri Mapepe akatoka. Tifu, tifu, tifu! Akafika kwake jioni, kwato zinawaka moto. Bibi yuko mlangoni, kaoga, kajipaka tope safi la safari.

"Ee mwanangu, umerudi? Jiji zuri?"

"Mama, nimekosa. Nisamehe. Twende."

"Nani atalinda shimo?"

"Mama!"

"Na miguu yangu hii? Si nitakuchelewesha?"

Mapepe akapiga magoti. "Panda mgongoni, mama yangu. Nakuomba."

Kulipopambazuka Bibi akapanda. Na Bibi alikuwa na mwili, msidanganywe na uzee wake. Mapepe akaenda, mguu huu, mguu huu. Uff! Uff!

"Simama, nina kiu."

"Mama, jua!"

"Jua nimelijua kabla yako. Simama."

Wakanywa.

"Simama, pana ndago hapa." Wakachimba, wakala.

"Simama, mkojo."

Mapepe alitaka kusema "jijini", akaliacha. Akasimama. Na nguvu za kuendelea alizipata huko huko kwenye kusimama.

Ngurumo, jua limegusa mlima. Mtoto analia. Bibi Mkunde naye analia, amekata tamaa. Mara mlangoni ukaingia mkia mkuukuu, ncha imekatika.

"Huo!" akapiga kelele. "Huo ndio wake!"

Mabibi wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakalia tena.

"Mama, jua!" akasema Siwema.

Bibi Mashavu akainama sikioni. "Mashavu. Mashavu. Mashavu." Mtoto akanyamaza, akamtazama. Jua likazama. Vyungu vikafunuliwa, vigelegele vikapigwa!

Na Mapepe? Alilala na gimbi mdomoni, hata hakulitafuna. Jumamosi nzima mabibi wawili wakawatembeza watoto. Wakaona ikulu, wakacheza ngoma ya Mfalme, wakaogelea maporomokoni. Mapepe anakoroma, khoo, khoo. Akazinduka Jumapili asubuhi, akarukia mlangoni.

"Haya, twende ikulu!"

"Tunaaga, Baba," akasema Kidawa. "Tunarudi nyumbani."

Basi nyie wapangaji wa safari za ukoo, mmesikia. Mkubwa mwulize, mdogo msikilize, kwa maana unayetaka kumwacha nyuma huenda safari yenyewe ni yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amwulize jirani yake.