Sare Saizi ya Sajini

Kambini, mwanajeshi yeyote ambaye angefika kwenye gwaride la Jumamosi bila sare nzuri angelala rumande. Sajini Mapunda, mtunza stoo mwenye tumbo kama pipa, aliwauzia wanawake sare kwa bei mara mbili ya wanaume.

"Ya kike ina mshono mgumu," alisema.

"Na ya kiume, afande?" aliuliza Koplo Sikudhani. "Kubwa na ndogo bei moja?"

"Moja."

"Basi nipe ya kiume, saizi yako."

Sajini alicheka mpaka akashika meza. "Utaogelea humo!"

"Niache nizame, afande."

Wanawake wenzake nao wakanunua saizi hiyohiyo, mpaka rafu ikabaki tupu.

Jumamosi wanawake wote walijipanga, sare zimewakaa sawasawa. Kutoka kila sare moja kubwa, fundi cherehani alikuwa ametoa mbili ndogo. Sajini aliinama aukague huo mshono, na suruali yake ikachanika nyuma, paa! Kamanda alikuwa akisubiriwa wakati wowote.

"Koplo, hakuna ya saizi yangu iliyobaki?"

"Nilibakiza moja haijakatwa, afande. Ila hiyo ni ya mwanamke, na bei ya kike unaijua."