Kibuyu Kilichomeza Ngoma

Mliokaa tulieni, mliosimama kaeni, kisa kinapita.

Bi Mwanamvua alichoshwa na ngoma. Kila Ijumaa alasiri kijiji kizima kilijaa uwanjani mbele ya mlango wake, vumbi tupu, na yeye magoti yanamuuma. Zimwi likamsikia akilalamika, likamletea kibuyu.

“Nitaimeza ngoma humu. Kila mtu nitampa kibuyu kama hiki, aisikilize kwake.”

“Imeze, nipumzike!”

Likaimeza, likagawa vibuyu nyumba kwa nyumba. Ijumaa ya kwanza, watu hawakusalimiana. Ya pili, migongo ikakakamaa. Ya tatu, Hatibu na shemeji yake, ambao miaka yote walipatana kwa kucheza bega kwa bega, walishikiana mapanga, kisa kuku mmoja. Na wenye malalamiko walimgongea nani? Bi Mwanamvua huyo huyo!

Akalifuata zimwi, akalikuta limenenepa.

“Rudisha ngoma yetu!”

“Sauti si mnayo? Mimi nala kile mlichokuwa mkipeana mkikutana. Kitanitoka siku utakapocheza wewe uliyenipa.”

“Balaa gani hili!”

Akajifunga kibwebwe, akaingia uwanjani na beseni, akalipiga juani huku akiimba vibaya na kufoka. Hatibu akacheka, akaitikia. Shemeji akapiga makofi. Jua linatua, kijiji kizima kinacheza, na zimwi limesinyaa kama ngozi ya ngoma iliyopasuka.

Kisa kimefika kwao. Ila msimuulize Bi Mwanamvua habari za magoti. Tangu siku ile hayamuumi, na hilo linamuudhi kuliko kelele zote.