Chumba cha Amana cha Bi Sikudhani

Sogeeni, walio mlangoni waingie. Leo sina sungura wala mfalme. Nina chumba kimoja tu, na watu watatu wanaokitaka.

Pale Muheza aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani, ambaye hakujua kusema hapana. Jirani akihama: "Bi Sikudhani, niwekee kabati langu kidogo." Mwingine akisafiri: "Niwekee baiskeli." Naye huweka. Haba na haba hujaza kibaba, jamani, na hujaza chumba pia! Palirundikana magodoro, mapipa, viti vya miguu mitatu na redio zilizokufa zamani. Kutupa hakuthubutu, maana kitu cha mtu ni amana.

Alikuwa na jamaa watatu wa karibu, kila mmoja na kipaji chake. Mosi, mdogo wake, hasahau: atakukumbusha kanga uliyovaa na harusi uliyoivalia. Kibwana, mtoto wa kaka yake, hubeba gunia huku akipiga mluzi. Na Zulfa, mjukuu wake, ana ulimi. Huyo akikwambia hapana, hurudi kuuliza tena.

Basi vumbi la chumba kile likamwingia Bi Sikudhani kifuani, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari akamwambia wazi, "Vumbi litoke, mama, au utoke wewe." Mwanawe Mbaruku akapiga simu kutoka Dodoma. "Mama, Ijumaa nakuja. Nikikuta chumba bado kimejaa, nakuchukua ukakae kwangu." Bi Sikudhani alilia. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, udongo waliukanda wenyewe, na kwenda kufia kwingine hakutaka kabisa.

Mosi akajifunga mtandio puani, akaingia. Akashika kitu kimoja kimoja. "Kabati hili la Mzee Shekue. Baiskeli ya mama Tunu. Wenye pipa hili wamekufa, lakini mtoto wao yupo sokoni." Hata mfuniko wa birika ulipata mwenyewe. Vilivyokosa mrithi akavitenga vipelekwe msikitini, wapewe wahitaji.

Kibwana akabeba. Akapanda vilima, akashuka, kila mtu akarudishiwa chake mlangoni. Wengine walimkunjia uso. "Si angeniwekea kidogo tu?" mama Tunu akalalamika.

"Kidogo imekwisha, mama," Kibwana akajibu, akaitua baiskeli, akaenda kufuata kingine.

Zulfa naye akaweka kigoda mlangoni, akakaa. Na kweli, sakafu haijapigwa deki vizuri, Mzee Shekue huyoo, na kabati lake juu ya mkokoteni. "Kwangu halipiti mlangoni," akasema. Bi Sikudhani alikwisha fungua kinywa aseme haya, lilete, lakini Zulfa akamwahi. "Shikamoo, babu. Kama halipiti, wape wajukuu walikate kuni." Mzee akaguna, akageuza mkokoteni. Wengine waliokuwa njiani na mizigo yao wakasikia habari, wakarudi makwao.

Ijumaa Mbaruku akafika, akasukuma mlango wa chumba. Akaduwaa. "Kumbe humu kuna dirisha!" Akacheka, akamkumbatia mama yake, na siku ya kuondoka akaondoka peke yake. Bi Sikudhani akakaa kwenye sakafu ile baridi, akavuta pumzi hadi chini kabisa, isikwame popote. Moyo wake ukatua. Alihisi kama ametuliwa mtungi aliokuwa nao kichwani miaka yote.

Kisha akawaita watatu wale. "Chumba kitupu nikikiacha, nitawekewa tena, najijua. Sasa akae mtu. Nampa aliyeniokoa."

Hapo ndipo ilipoanza kazi. Mosi nyumba aliyopanga inavuja. Kibwana ana mchumba na hana pa kumweka. Zulfa anashonea kibarazani, na mvua ikija hukimbia na vitambaa vya watu.

"Dada, mwanzo wa ngoma ni lele," Mosi akasema. "Bila mimi msingejua kitu kiende wapi. Mngeitupa amana, na dhambi juu."

"Kutangulia si kufika, shangazi Mosi," Kibwana akadakia. "Ulivitaja, lakini vingetembea vyenyewe?"

"Na vingerudi vyote," Zulfa akasema. "Mngemkuta mjomba Mbaruku anafunga mizigo ya bibi."

Bi Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyesema alimwona amesema kweli. "Pumzi yangu ni moja," akasema, na machozi ya furaha yakimlengalenga, "na mmeirudisha watatu. Nimgawie nani?"

Chumba ni kidogo, kinaingia kitanda kimoja. Ufunguo uko kwenye kiganja chake, na mikono mitatu iko mbele yake. Haya, ninyi mnaonisikiliza: ungekuwa wewe ndiye Bi Sikudhani, ungemkabidhi nani?