Machungwa ya Kwenye Runinga

Mwanamke mmoja alikuwa na mkono uliomlisha, na siku moja aliamka akakuta mkono ule haumsikii. Aliitwa Tunu, msusi wa nywele katika mji wa Korogwe. Kiharusi kilimpitia usingizini, kikamwachia ulimi na miguu, kikachukua mkono wa kulia. Vidole vilivyozoea kugawa nywele vikabaki vinaning'inia.

Akapelekwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Huko alikuta runinga kubwa ukutani, na juu yake kamera ndogo. Ndani ya runinga kulikuwa na mchungwa. Machungwa yalidondoka, na mgonjwa aliyesimama mbele alipoinua mkono, kikapu kilisogea kuyadaka. Aliyedaka mengi, jina lake lilipanda juu na wote wakaliona. Nafsa, mtaalamu wa mazoezi, alimfunga kila mgonjwa kwa kanga ule mkono mzima, ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi. Kisha aliwaacha wacheze, akaenda kuwahudumia wasioweza kusimama.

Alikuwapo pale Mzee Shekiondo, aliyekuwa mwenyekiti wa soko. Naye alikuwa amepooza mkono wa kulia. Kila Nafsa alipogeuka, mzee alijifungua kanga akacheza kwa mkono wa kushoto. Hakuwa mtu mbaya. Alizoea kuheshimiwa, na hakuweza kuvumilia kuonekana akishindwa na machungwa ya picha. Jina lake lilikaa juu kabisa, na wenzake wakampigia makofi.

Tunu alikuwa wa mwisho. Mkono wake ulifika kiunoni ukaishiwa nguvu. Machungwa yalimwagika chini, na watu kwenye benchi walicheka. Siku moja kanga yake ililegea. Mkono wa kushoto ukachomoka wenyewe, ukadaka, makofi yakalia, naye akauonja utamu wake. Akasimama akikitazama kikapu kilichojaa. Kisha akaurudisha mkono ndani ya kanga.

"Unajitesa bure, mama," Mzee Shekiondo akamwambia. "Mashine haijui ni mkono upi."

"Haijui, Mzee," Tunu akajibu. "Lakini atakayekaa kwangu kusukwa atajua."

Akaendelea kushindwa. Alishindwa masika yote, akitokwa na jasho mbele ya watu, na akirudi nyumbani bega linawaka moto. Mkono ukafika kifuani. Baadaye ukafika begani. Vidole navyo vikaanza kufumba, polepole, kama mtu anayekumbuka jina alilolisahau.

Asubuhi moja Mzee Shekiondo alifika kituoni akamkuta Tunu amemkalisha mgonjwa mwenzake mbele ya magoti yake, anamsuka. Mistari ilipinda. Mkono ulitetemeka, ukapumzika, ukarudi kazini. Lakini ulikuwa mkono wa kulia. Mzee alisimama mlangoni akiutazama ule mkono. Shati alilovaa lilikuwa limefungwa vifungo na mkewe, kama kila asubuhi tangu augue.

Runinga ilipowashwa, wenzake walimpisha apite mbele kama ilivyokuwa desturi yao. Hakupita. Alimwendea Tunu, akamnyooshea mkono wake wa kushoto, ule uliompa sifa zote.

"Nifunge, mama," akasema. "Na ukaze."

Tunu akamfunga kwa mikono yake miwili. Mzee akasimama mbele ya watu wote, na machungwa yakaanza kudondoka. Hakudaka hata moja. Kwenye benchi hakuna aliyecheka. Jasho likamtiririka shavuni, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Akavuta pumzi, akajaribu tena.

Ninyi mnaonisikiliza, niambieni: siku ile Mzee Shekiondo alishindwa, au ndiyo siku aliyoanza kupona?