Fisi Chini ya Sufuria

— Nisimulie nisisimulie?
— Simulia!
— Masikio mmekuja nayo au mmeyaacha nyumbani?
— Tumekuja nayo!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilipa kodi ya nyumba kama ninyi, alikuwapo Bi Nungunungu, mjane mwenye watoto watano na sufuria moja. Sufuria hiyo ndiyo iliyowalea. Asubuhi alipika uji, akauza. Jioni aligawa alichopata kwenye makopo matatu: kopo la kodi, kopo la maji, kopo la unga. Watoto walilie andazi wasililie, makopo hayaguswi.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, paa likavuja, unga wote ukaoza. Bila unga hakuna uji, bila uji hakuna kodi. Afanyeje? Akaenda kwa Bwana Fisi, mkopeshaji. Msicheke! Najua humu ndani wapo waliokwisha kumpigia magoti.

"Karibu, shemeji! Chukua vibaba kumi vya unga!"

"Nataka viwili."

"Chukua kumi, ubakize na vya kuuza ushonee sare ya harusi!"

"Viwili."

"Kumi, shemeji, usijibane!"

"Bwana Fisi, viwili ndivyo ninavyoviweza. Nirudishe vingapi, lini, wapi?"

"Vitatu. Siku ya saba, hapa kwangu, kabla jua halijazama. Ukichelewa, sufuria yako ni yangu."

Akachukua unga, akaondoka. Njiani akakutana na Mama Nguruwe, analia.

"Dada, nililipeleka deni la Fisi siku ileile! Nikagonga, nikagonga, nikagonga. Kimya! Kesho yake akaja: umechelewa. Akabeba sufuria yangu kubwa ya shughuli."

Bi Nungunungu akajiuliza moyoni. Sufuria ikienda, watoto watakula nini?

Siku sita akauza uji, akajinyima, vibaba vitatu vikatimia. Siku ya saba hakwenda peke yake, thubutu! Aliwakusanya wenzake wote wa upatu, Mama Nguruwe akiwamo, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Fisi kusikia hivyo, mbio uani, akajifunika sufuria ya Mama Nguruwe. Mkia ukabaki nje.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi, Bwana Fisi!" Kimya kabisa.

Bi Nungunungu akachungulia uani, akauona ule mkia. Akapaza sauti:

"Jamani, mwenyewe hayupo na sisi tuna njaa. Tupikeni hapahapa! Mama Nguruwe, ile si sufuria yako? Imeota kutu. Izungushieni kuni, tuichome kwanza vilevile ilivyofunikwa."

Moto ukawashwa. Sufuria ikatulia. Sufuria ikatikisika. Sufuria ikatembea!

"Nipo! Nipo jamani, naungua!"

"Kumbe upo? Na jua je?"

"Bado... bado halijazama."

"Basi pokea vitatu vyako mbele ya mashahidi. Deni limekwisha."

Fisi akapokea, jasho linamtiririka. Mama Nguruwe akamsogelea taratibu.

"Na siku niliyogonga mimi, ulikuwa chini ya sufuria ya nani?"

Fisi akaanza kurudi kinyumenyume. Kila mama aliyenyang'anywa naye akachukua sufuria yake mle uani, na Fisi akatimka huku amechutama. Mtazameni mpaka leo, nyuma kainama hivyohivyo, kama bado amefunikwa.

Mzigo wangu nimeutua. Aliyesinzia amuulize jirani yake, na mwenye sufuria yake aende akaifunike vizuri.