Magoti Chini ya Sakafu

Mtu mmoja alikuwa na shamba lenye kilima katikati. Alipokufa aliacha watoto wawili, Masalu na dada yake Nyanzobe. Katika nchi ile haki ya ardhi ilithibitishwa kwa makaburi: aliyeweza kuonyesha wa kwake waliolala pale, pale ni pake. Na wanawake walizikwa kwa waume zao, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Masalu akawaambia wazee kwamba makaburi ya baba huhesabiwa kwa mwana wa kiume, na dada yake hana hata kaburi moja la kuonyesha. Wazee wakacheka. Mmoja akamwambia Nyanzobe akatafute mume, huko atapewa jembe na kaburi kwa pamoja. Yeye hakucheka. Alikuwa amelima shamba lile tangu alipoweza kuinua jembe, na hakuwa na pengine pa kula.

Ili amalize maneno, Masalu akawaita wachimbuaji wa mambo ya kale wachimbe kilima. Alikuwa na hakika watamkuta babu wa mababu amelala na mkuki wake.

Wakachimba. Wakakuta sakafu ya udongo, na chini yake sakafu nyingine, na nyingine tena, kwa kuwa watu wale walijenga palepale walipojenga waliowatangulia. Wakakuta majembe ya mawe na punje za mtama zilizoungua. Wakasema hawa ndio waliolima kwanza katika nchi hii, kabla chuma hakijajulikana. Chini ya sakafu ya mwisho, kando ya jiko, alilala mtu mmoja tu. Alikuwa mwanamke. Hakuwa na mkuki. Jiwe la kusagia lilikuwa kifuani pake, na mifupa ya magoti na ya vidole vya miguu ilikuwa imelika kwa kupiga magoti miaka mingi akisaga.

Masalu akaagiza shimo lifukiwe. Wazee wakatazama pembeni. Nyanzobe akashuka shimoni, akapiga magoti kando ya mifupa ile.

“Fukia, kaka,” akasema. “Lakini mimi sitoki. Ulitaka kaburi, kaburi ndilo hili, na aliyelala humu ni wa kwangu.”

Hakuna aliyeinua sepetu.

Nanyi mnaosema mwanamke hana chake katika ardhi, nijibuni: huyo wa kwanza mnayemhesabu kuwa babu yenu, alikula unga wa nani?